PILIPILI KATIKA MAPISHI YA DUNIA: NAMNA YA KUUPIKA UKALI

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Familia nyingi hupenda kujaribu mapishi ya nchi nyingine, hasa unapokaribia mwezi wa Ramadhani na siku za Idi. Mengi ya mapishi hayo, hata yale yanayotoka katika nchi za Waislamu wenzetu, yana pilipili nyingi. Mara kwa mara hutokea hivi: dada anapika chakula kipya kwa bidii tangu adhuhuri, sinia linawekwa, kisha baba na kaka wakubwa wanakula, lakini bibi na wadogo walioanza kujifunza kufunga wanarudi kwenye tende na mkate mkavu. Chakula ni kizuri, ila ukali umewafukuza nusu ya watu.

Makala hii inaeleza pilipili ni kitu gani, ukali wake unatoka wapi, na jinsi watu wa nchi nne wanavyoipika kwa njia nne tofauti. Mwenye kuyafahamu haya ataweza kupika chakula chenye ladha ya pilipili kikaliwa na sinia zima.

PILIPILI ILITOKA WAPI?

Wengi wetu tunadhani pilipili ni ya Bara Hindi au ya kwetu Afrika tangu zamani. Sivyo. Mmea wa pilipili kali asili yake ni bara la Amerika. Watu wa Mexico na nchi za jirani walikuwa wakiilima maelfu ya miaka kabla Christopher Columbus hajafika huko mwaka 1492. Baada ya hapo Wareno na Wahispania waliichukua katika merikebu zao. Katika karne ya 16 Wareno waliieneza Afrika Magharibi, Msumbiji na Goa, na kutoka huko ikasambaa Asia yote. Kwa hiyo kabla ya karne ya 16 hakukuwa na mchuzi wa Kihindi wenye pilipili kali, wala sambal ya Indonesia yenye pilipili hiyo.

Mwanafunzi anayesoma vitabu vya zamani ayakumbuke haya. Ibn Sina alifariki mwaka 1037. Anapotaja "filfil" katika kitabu chake cha tiba, anakusudia pilipili manga, ile punje nyeusi ya mtambaa itokayo pwani ya Malabar, India. Pilipili kali hakuwahi kuiona. Neno letu "pilipili" lina uhusiano na neno hilo hilo, na pilipili kali ilipofika ililikuta jina tayari, ikalirithi.

UKALI UNATOKA WAPI?

Ndani ya pilipili mna kitu kiitwacho kapsaisini. Hakina harufu wala rangi. Ulimini na katika ngozi tunavyo vipokezi vya neva ambavyo kazi yake ni kutuonya juu ya joto la kuunguza, kuanzia kiasi cha nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini huviamsha vipokezi hivyo hivyo. Ndiyo maana mtu aliyekula pilipili husema mdomo "unawaka", ingawa hakuna moto. David Julius wa Marekani, aliyegundua kipokezi hicho kwa kutumia kapsaisini, alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege hawausikii ukali huo. Wao hula pilipili na kuzitawanya mbegu zake.

Mpishi anapaswa kuyajua mambo matatu:

1. Ukali hautoki kwenye mbegu kama inavyodhaniwa. Kapsaisini hutengenezwa katika ile nyama nyeupe ya ndani inayoshika mbegu. Mbegu huwa kali kwa sababu zimegusana nayo. Ukiikwangua nyama nyeupe kwa kijiko, sehemu kubwa ya ukali umeiondoa, na ladha ya tunda imebaki.

2. Kapsaisini huyeyuka vizuri katika mafuta, lakini maji hayaiyeyushi. Mtu anayewaka mdomo akinywa maji huusambaza tu ukali. Maziwa au mtindi humsaidia zaidi, kwa sababu protini na mafuta ya maziwa huishika kapsaisini na kuiondoa.

3. Pilipili hazilingani. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alitunga kipimo cha ukali ambacho hadi leo kina jina lake. Pilipili boga, ambayo bara huitwa pilipili hoho, ina 0. Pilipili ya jalapeño ya Mexico ina 2,500 hadi 8,000. Pilipili ndogo ndogo za jamii ya pilipili kichaa hufika 50,000 hadi 100,000. Habanero, ambayo ni jamii moja na pilipili mbuzi, ina 100,000 hadi 350,000. Basi kitabu cha mapishi cha kigeni kikisema "tia pilipili sita", uliza kwanza pilipili gani. Sita za jalapeño na sita za pilipili mbuzi ni vyakula viwili tofauti kabisa.

NJIA NNE ZA KUPIKA PILIPILI

1. Kuisaga mbichi: sahawiq ya Yemen

Njia nyepesi kuliko zote ni ya Wayemeni. Sahawiq, ambayo jina lake linatokana na neno la Kiarabu la kusaga, huwekwa mezani karibu na kila mlo, na huliwa kwa mkate, wali au nyama. Wenyeji wa pwani wataifahamu upesi, kwani ni kama ndugu ya kachumbari yetu, ila imesagwa.

Chukua nyanya 3, pilipili mbichi 2 za kijani, thomu punje 2 au 3, fungu dogo la kotmiri, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, na chumvi. Twanga kwanza thomu, pilipili na chumvi, kisha tia kotmiri na bizari, mwisho nyanya. Usisage mpaka ikawa maji, bali iache na vipande vidogo.

Pilipili mbichi ina harufu ya majani mabichi na ukali wake huja haraka. Kwa kuwa haikupikwa, ladha hupungua ikilala. Itengeneze karibu na wakati wa kula. Thomu mbichi pia ina adabu yake: imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu thomu kibichi kuukaribia msikiti kwa ajili ya harufu. Anayekwenda tarawehe aiache thomu, au aikaange kidogo mpaka harufu yake ipungue.

2. Kuikausha na kuiroweka: harissa ya Tunisia

Jina la harissa linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuponda. Wako wanaolichanganya na harisa ya ngano na nyama, ambayo sisi tunaita bokoboko. Jina lina asili moja, lakini ni vyakula viwili mbalimbali. Harissa ya Tunisia ni rojo zito jekundu la pilipili kavu. Pilipili zake hulimwa kwa wingi upande wa Nabeul, na mwaka 2022 shirika la UNESCO liliiingiza harissa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Chukua pilipili nyekundu kavu gramu 100, ndefu zisizo kali sana. Zitoe vikonyo na mbegu, kisha ziroweke katika maji ya moto kwa nusu saa. Kaanga bila mafuta kisibiti kijiko 1 cha chai na giligilani kijiko 1 cha chai mpaka zinukie, kisha zitwange. Zikamue pilipili maji, uzisage pamoja na thomu punje 5, viungo ulivyotwanga na chumvi kijiko 1 na nusu cha chai. Mimina mafuta ya zeituni kidogo kidogo mpaka liwe rojo. Litie katika chupa safi, juu yake mimina mafuta mpaka yalifunike, uweke katika friji na ulitumie ndani ya siku chache. Usiliache nje ya friji, kwa kuwa thomu iliyofunikwa kwa mafuta penye joto huweza kuotesha vijidudu vyenye sumu.

Pilipili iliyokaushwa huwa na utamu kidogo na harufu nzito, tofauti kabisa na mbichi. Wanaoshindwa na harissa huku kwetu ni kwa sababu wametumia pilipili kichaa kavu, wakapata ukali bila ladha. Kama huna pilipili kavu za upole, changanya chache kali na pilipili boga nyekundu mbili zilizochomwa juu ya makaa na kumenywa ganda. Utapata rangi na utamu, na ukali utakuwa wa kiasi. Kijiko kimoja cha chakula katika sufuria ya supu ya dengu kinatosha.

3. Kuichemsha katika tui: rendang ya Indonesia

Rendang ni chakula cha watu wa Minangkabau, Waislamu wa Sumatra Magharibi, na ni maarufu sana siku ya Idil Fitri. Kwa sisi wa pwani hakuna pishi la kigeni lililo karibu zaidi, kwani msingi wake ni tui la nazi.

Kwa nyama ya ng'ombe kilo 1 iliyokatwa vipande vikubwa, saga vitunguu maji 2, thomu punje 5, tangawizi na manjano mbichi kipande kwa kipande, na pilipili nyekundu 4 zilizoondolewa nyama nyeupe. Wenyewe huongeza mzizi mwingine wa jamii ya tangawizi, ukikosa zidisha tangawizi. Tia tui la lita 1 katika sufuria pana pamoja na viungo hivyo, nyama, mchaichai 2 uliopondwa, majani machache ya ndimu na chumvi. Usifunike. Pika kwa moto mdogo, ukikoroga mara kwa mara ili tui lisikatike.

Utaona hatua tatu, na wenyewe wana jina la kila hatua. Mwanzo ni mchuzi mwepesi, nao huitwa gulai. Baada ya saa mbili hivi mchuzi huwa mzito, nao ni kalio. Ukiendelea, maji yote hukauka, mafuta ya nazi hujitenga, na nyama huanza kujikaanga ndani ya mafuta hayo mpaka ikawa ya kahawia. Hapo ndipo pawapo rendang. Kazi yote huchukua saa tatu hadi nne. Kwa kuwa haina maji, rendang iliyokauka sawasawa hukaa muda mrefu kuliko mchuzi wa kawaida, na hiyo ni sababu mojawapo wasafiri wa Minangkabau waliichukua njiani.

Angalia jambo moja. Tumesema kapsaisini huyeyuka katika mafuta. Katika tui linalochemka saa nne, ukali wote huingia katika kila kipande cha nyama, na hakuna wa kuutoa tena. Kwa pishi hili, basi, amua kiasi cha pilipili mwanzoni kwa kumfikiria mtu dhaifu kuliko wote atakayekula. Wanaotaka zaidi watawekewa sahawiq pembeni.

4. Kuipaka na kuichoma: suya ya Wahausa

Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria na Niger huchoma nyama ya vijiti kama mishkaki yetu, nayo huitwa suya. Kinachoitofautisha ni unga wake, uitwao yaji, ambao ndani yake mna karanga.

Kaanga karanga kikombe 1 bila mafuta, zimenye, zitwange, kisha zikamue katika kitambaa safi ili mafuta yapungue na ubaki unga mkavu. Changanya unga huo na tangawizi ya unga kijiko 1 cha chakula, pilipili kavu ya unga kijiko 1 cha chai, na chumvi. Kata steki nusu kilo vipande vyembamba sana, vitunge katika vijiti, vipake mafuta kidogo na unga, viache saa moja, kisha choma juu ya makaa. Huliwa kwa vitunguu vibichi, nyanya na kabichi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kila kijiti kiko peke yake. Gawa unga wa karanga sehemu mbili kabla ya kutia pilipili: mmoja utie, mwingine uache. Vijiti vya watoto viweke upande wake wa jiko. Kabla ya kuwapa wageni, uliza kama yuko anayedhuriwa na karanga, maana kwa baadhi ya watu karanga ni hatari kubwa kuliko pilipili.

VYAKULA VYA PILIPILI NA SUALA LA HALALI

Pilipili ni mmea, na yenyewe haina tatizo. Tatizo huwa katika vinavyofuatana nayo. Vindaloo ya Goa inatokana na pishi la Kireno la nyama iliyolowekwa katika mvinyo na thomu, na huko Goa hupikwa sana kwa nguruwe. Jina lake lenyewe linatokana na maneno ya Kireno ya mvinyo na thomu. Leo watu wengi huipika kwa kuku au mbuzi na siki, na ladha yake ipo. Mapo tofu ya Sichuan, Uchina, mara nyingi hutiwa nyama ya kusaga ya nguruwe, na wapishi wengi wa Kichina hutumia mvinyo wa mchele. Rojo la pilipili la Korea, gochujang, likitengenezwa kiwandani mara nyingi huongezwa alkoholi ili lisiharibike.

Basi soma maandishi ya chupa kabla ya kununua, na hotelini uliza. Nyumbani, mahali palipoandikwa mvinyo tia supu ya nyama na siki kidogo. Siki haina shaka, na imethibiti katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo kizuri.

KUULAINISHA UKALI

1. Tia pilipili nzima bila kuipasua katika mchuzi, uitoe kabla haijapasuka. Bibi zetu wamefanya hivyo siku zote: harufu inaingia, ukali unabaki ndani.
2. Mchuzi ukizidi ukali, maji peke yake hayatafaa. Ongeza tui, mtindi, viazi au nyanya, yaani ongeza chakula.
3. Ndimu na sukari kidogo husaidia ulimi usiushughulikie sana ukali, ingawa hazipunguzi kapsaisini yenyewe.
4. Weka mtindi au maziwa karibu na sinia.

USALAMA JIKONI

Jipake mafuta ya kula mikononi kabla ya kukata pilipili, na ukimaliza osha kwa sabuni, tena mara mbili. Jambo hili lina umuhimu wa pekee kwetu sisi tunaotawadha. Mtu aliyekata pilipili adhuhuri, akanawa maji matupu, kisha akapandisha maji puani na kuosha uso alasiri, atajua alichokosea. Kwanza mafuta, pili sabuni, ndipo udhu. Wala usimshike mtoto mchanga kabla ya hapo.

Ukikaanga pilipili kavu fungua madirisha, na mwenye pumu akae mbali, kwani moshi wake hukaba. Ukitwanga, funika kinu kwa mkono au kitambaa ili zisiruke machoni.

Tupa pilipili kavu zilizoota ukungu. Ukungu huo unaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Na ukiweza, nunua pilipili nzima usage mwenyewe. Mwaka 2005 huko Uingereza mamia ya bidhaa ziliondolewa madukani baada ya unga wa pilipili uliotumika kukutwa na rangi ya viwandani iitwayo Sudan I, ambayo hairuhusiwi katika chakula.

PILIPILI NA AFYA

Pilipili ina vitamini C kwa wingi. Mwanasayansi wa Hungary, Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, alitumia pilipili nyekundu za mji wa Szeged kupata vitamini hiyo kwa wingi kwa ajili ya utafiti wake.

Wengi husema pilipili huleta vidonda vya tumbo. Madaktari wanatufahamisha kuwa vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori na matumizi ya baadhi ya dawa za maumivu. Hata hivyo, mwenye vidonda tayari, au mwenye kiungulia, pilipili humzidishia maumivu, hasa akifuturu nayo kwenye tumbo tupu. Huyo aanze na tende, maji na uji.

Kwa nyinyi vijana liko onyo moja. Kumezuka mchezo wa kushindana kula pilipili kali kuliko zote. Wakulima wa Marekani wamezalisha pilipili iitwayo Pepper X ambayo mwaka 2023 ilipimwa na kukutwa na zaidi ya 2,600,000 katika kipimo cha Scoville. Mwaka huo huo, huko Marekani, kijana wa miaka 14 alifariki baada ya kula kipande kimoja cha chipsi kilichotiwa unga wa pilipili kali kupindukia kwa ajili ya mashindano kama hayo. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na kasoro ya moyo. Nani kati yetu anajua hali ya moyo wa mwenzake anayemtania "kula kama wewe mwanamume"? Chakula ni neema, na Allah (S.W.) ametukataza israfu katika kula na kunywa. Tusikifanye mchezo wa kuumizana.

HITIMISHO

Tumeona kwamba pilipili ni moja, lakini Myemeni anaisaga mbichi, Mtunisia anaikausha, Mwindonesia anaichemsha katika tui, na Mhausa anaipaka juu ya nyama. Kila mmoja ameutawala ukali kwa njia yake. Mpishi mwenye ujuzi hapimwi kwa machozi ya wanaokula. Hupimwa kwa sinia lililorudi jikoni tupu, na wakubwa kwa wadogo wameshiba.

JIPIME

1. Ukali wa pilipili hutengenezwa sehemu gani ya tunda?
2. Kwa nini maji hayamsaidii sana aliyewaka mdomo?
3. "Filfil" ya Ibn Sina ni pilipili ipi, na utajuaje?
4. Taja pishi moja kati ya manne ambalo ukali wake lazima uamuliwe mwanzoni, na ueleze sababu.

Wabillahi tawfiq.